Hansa, Mashine Sasa Ni Zetu

Hansa,

Kwetu mtu akifa tunajua alipolala. Mama yangu yuko nyuma ya jiko, karibu na migomba. Nikiwa na neno la kumwambia nachukua jembe kana kwamba naenda kupalilia, nasimama pale, namwambia. Wewe walikupeleka Kisumu, wanaume peke yao, na sisi wanawake tukabaki sebuleni kwenu tumevaa nyeupe, mimi nikiwa na mtandio nilioazimwa na wifi yako. Wanaume waliporudi, mama mkwe wako alinishika mkono. Baadaye nikasikia majivu yako yamepelekwa ziwani. Kwa hiyo sina mahali pa kusimama nikuambie habari. Nakuandikia.

Nitaanza jinsi ulivyotaka nianze kila barua ya mteja: nani anaandika, yuko wapi, anataka nini. Ni mimi, Moraa. Niko Nyamira, kwenye chumba chetu nyuma ya duka la mbegu. Sitaki kitu. Nataka tu ujue kwamba lile jambo tulilolipanga kitandani kwako limefanyika, na limefanyika vizuri.

Jumamosi ofisi imefungwa siku hizi. Unajua mimi Sabato sifanyi kazi, na wewe ndiye uliyekuwa ukikaa hapa Jumamosi peke yako, na mimi nakaa Jumapili. Watu bado wanakuja Jumamosi na kugonga mlango. Mwenye duka la mbegu anawaambia, "Kerubo hayuko." Hasemi umekufa. Nimemwacha hivyo hivyo.

Kerubo. Ni akina mama wa sokoni Nyakoe waliokupa jina hilo, unakumbuka? Tulikuwa bado shuleni Kisii mjini, mama yako alitutuma ndizi, na yule mama wa kwanza akakutajia bei ya Mhindi. Ukamjibu kwa Ekegusii, tena Ekegusii cha ndani kabisa, cha kukemea mbuzi. Soko zima likacheka. Akakuuliza jina, ukamwambia Hansa, akasema, "Hapana, wewe ni Kerubo." Miaka yote iliyofuata sikuwahi kukusikia ukimsahihisha mtu yeyote aliyekuita hivyo.

Mama mkwe wako hakutaka uje kufanya kazi Nyamira. Alisema duka lenu la vifaa vya ujenzi kule Kisii linatosha watu wote wa nyumba hiyo. Dinesh mumeo alinyamaza wiki nzima, halafu akanunua kompyuta mbili zilizotumika na printa ile ya kelele, akazipakia kwenye pikapu pamoja na mabati, akatuletea. Hakueleza. Ndivyo alivyo, na ndivyo alivyo mpaka leo.

Ukasema tutachapa kila kitu ambacho mtu hawezi kukipeleka kwa maneno matupu mbele ya ofisi ya serikali, na makao ya wilaya yako hapo juu tu. Tukachapa maombi ya kazi, mialiko ya harusi, ratiba za mazishi. Lakini kazi yenyewe hasa, wewe na mimi tunajua, ilikuwa ile nyingine. Binti anayeomba shule imrudishe baada ya kujifungua. Mwalimu anayejibu mashtaka. Mgonjwa anayemwandikia mwajiri wake habari za ugonjwa ambao hajamwambia hata mkewe. Walikuwa wanakaa kwenye kile kiti cha mbao, wanasema, na sisi tunapiga chapa. Ulinifundisha nisiinue nyusi. "Moraa, uso wako unaongea," uliniambia siku ya kwanza. "Uzime."

Na ndiyo maana habari ya Bwana Tai ilituuma kiasi kile.

Hatukuwahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa fundi wa kampuni iliyotuuzia programu ya kuandikia, anakuja na tai shingoni hata jua likiwaka, na wewe ukambatiza. Programu ile ilikuwa na kufuli. Kila baada ya muda ilikuwa inajifunga, na mwenye ufunguo ni yeye tu. Anakuja, anaketi kwenye kiti changu, anatuambia tuangalie pembeni, anaandika neno lake la siri, inafunguka. Asipokuja, hata barua tulizoziandika kwa mikono yetu wenyewe hazifunguki. Halafu kabla ya kuondoka anatoa diski zake mfukoni, ananakili kila kitu kilichomo ndani ya mashine. Ukamuuliza, "Unapeleka wapi?" Akasema, "Ni kwa usalama wenu, mama. Mashine ikiungua, kampuni ina nakala." Ukaniangalia. Alipotoka ukasema, "Moraa, kuna mtu ana ufunguo wa nyumba yetu na anaingia tukiwa tumekaa." Nilicheka. Sikuona ubaya wake mpaka Mama Bosibori alipokuja.

Mama Bosibori ni yule mjane wa upande wa Keroka, mrefu, mwenye sauti ya chini. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa anasogeza ua kidogo kidogo kuingia kwenye majani chai yake, na baraza la ardhi lilikuwa limewaita wote wawili. Alikaa nasi nusu ya siku. Sisi tukapiga chapa maelezo yake. Hakumsomea mtu mwingine, hakumwonyesha hata mwanawe. Alipofika barazani shemeji yake akasimama na karatasi, akajibu hoja moja baada ya nyingine kabla Mama Bosibori hajafungua mdomo. Wazee wakaahirisha kesi. Yeye akaja moja kwa moja kwetu.

Siku hiyo wewe ulikuwa umeshalazwa na ugonjwa nyumbani, miguu imevimba. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Moraa, nilikaa kwenye kiti hicho nikakueleza mambo ya nyumba yangu. Nani amempelekea shemeji?"

Nikasema, "Mama, si mimi."

"Niliongea na watu wawili. Mmoja ni mgonjwa kitandani. Aliyebaki ni nani?"

Aliondoka. Waliokuwa wanasubiri wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu akikumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali. Sabato iliyofuata, kanisani, benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Hansa, katika mji kama wetu mtu anaweza kuuza duka akaanza jingine, lakini mpiga chapa akisemwa ana mdomo, amekwisha.

Nikaja Kisii nikakukuta umeegemea mito miwili. Nilitegemea utanipa pole. Ukasema, "Niletee karatasi zote mbili, yake na ya shemeji." Ile ya shemeji niliipata kwa karani wa baraza, maana ilikuwa imesomwa mbele ya watu wote. Ukanifanya nisome kwa sauti. Nikafika pale shemeji anaposema, "Mke wa marehemu ndugu yangu anadai mpakani kuna miwati aliyoipanda mumewe. Hakuna mwati hata mmoja pale."

"Rudia hapo kwa miti."

Nikarudia.

"Sasa soma ya Mama Bosibori."

Nikasoma. Ilisema mikaratusi. Na hapo nikakumbuka. Mwanzoni Mama Bosibori alikuwa ametaja miwati, wewe ukaandika hivyo, halafu akajirudi: miwati ilikuwa ya jirani, mumewe alipanda mikaratusi. Ukarekebisha kwenye kioo, ndipo tukachapa. Neno miwati halikuwahi kugusa karatasi. Lilibaki ndani ya mashine tu, kwenye ile nakala ya kwanza, kwa sababu wewe ulikuwa hufuti kitu. Na aliyeingia ndani ya mashine baada ya siku ile, kabla ya baraza, ni mtu mmoja, na alikuja na diski mfukoni.

Ulilala ukitazama dari. Nilidhani umechoka. Ukasema neno moja: "Tuhame."

Ndipo ukanieleza habari za Kirit, mdogo wako aliyeko Leicester, jinsi alivyokuwa akikuandikia kuhusu Linux na wewe ukidhani ni mchezo wa vijana wa Ulaya. Nilikuuliza ni kitu gani. Ulikuwa umeishiwa pumzi, lakini ulipenda kufundisha. Ukasema Bwana Tai anatuuzia chapati iliyofungwa kwenye karatasi, hatujui ameweka nini. Hawa wanakupa upishi wenyewe. Kila kitu inachofanya mashine kimeandikwa wazi, anayejua anasoma, anayetaka anabadilisha, na akitaka anampa jirani. Hakuna mtu wa kuja kukufungulia nyumba yako. Nikasema, "Na kama siwezi?" Ukasema, "Uliweza kompyuta ya kwanza ukiwa hujawahi kushika hata taipureta ya umeme. Kioo kitakuwa cheusi. Usiogope."

Ulimwandikia Kirit siku hiyo hiyo. Hukusubiri jibu lake. Hukuweza.

Dinesh ndiye aliyeleta kifurushi, mwenyewe, kutoka Kisii. Alikiweka juu ya meza yangu. "Kimeandikwa jina lake," alisema. "Sijui kama nifungue." Tulikitazama muda. Halafu nikachukua kisu cha kukatia karatasi, nikampa, naye akafungua taratibu bila kuchana stempu hata moja. Ndani kulikuwa na CD na kitabu kinene kama Biblia ya madhabahuni, na kikaratasi kidogo cha Kirit: "Anza na mashine ya zamani." Alikuwa ametuma kabla hajapata habari za msiba. Dinesh akasoma, akageuka akatazama nje kwenye uwanja. Halafu akauliza, kwa sauti ya dukani kabisa, "Mashine hizi zina mahali pa kuweka hii CD?" Hazikuwa na mahali. Wiki iliyofuata akaja na kifaa chake, akakifunga mwenyewe kwa bisibisi. Alisema tu ulimwambia nikihitaji kitu anisikilize.

Nilianza na ya zamani. Ilikuwa kama ulivyosema: kioo cheusi, herufi nyeupe zikipanda juu mbio kuliko macho yangu, halafu zikasimama, na mstari mdogo unapepesa ukinisubiri niseme kitu. Bwana Tai alikuwa ametuzoesha vitufe vya rangi. Hapa hapakuwa na cha kubonyeza. Nilifungua kitabu, nikaandika amri ya kwanza kwa kidole kimoja, ikanijibu. Nikaandika ya pili, ikanijibu. Nikakosea, ikaniambia nimekosea wapi. Nakwambia kweli, nilifurahi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunikosoa bila kunidharau namna ile.

Si kwamba kila kitu kilikubali. Printa ilinitoa jasho. Nikiagiza ichape barua, mstari wa kwanza unatoka vizuri, wa pili unaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu mbele zaidi, maneno yakishuka kama ngazi mpaka yanamwagika nje ya karatasi. Stima ikapotea katikati, ikarudi, ngazi ile ile. Watu wa duka la mbegu wakawa wanakuja kuangalia wacheke. Mmoja akaniambia, "Moraa, hiyo ya bure ndiyo hivyo." Nikasoma kitabu, hamna. Halafu nikagundua kwamba ndani ya CD yenyewe kuna maelezo mengine, kurasa na kurasa, yameandikwa na watu wa kila mahali waliopata taabu kabla yangu. Nikatafuta, nikamkuta mtu, sijui ni wa nchi gani, anasema: printa yangu inachapa ngazi, nikafanya hivi na hivi. Printa mbovu kama yetu! Nikafanya alivyofanya. Barua ikatoka imenyooka, kila mstari umeanzia mahali pake. Nilikaa nikaitazama ile karatasi. Mtu yule hanijui, hatanijua, hakuniomba chochote, lakini aliketi akaandika ili mwingine asihangaike. Nilitamani sana ungekuwepo nikuonyeshe.

Baada ya hapo sikuwa na wasiwasi tena. Ilikuwa kazi tu, na kazi naiweza.

Kazi kubwa ilikuwa zile hati za zamani. Programu ya Bwana Tai ilizifunga kwa namna yake, na mashine mpya haikuweza kuzisoma. Nikaichapa kila hati kwenye karatasi kabla kufuli halijajifunga tena, halafu nikatuma neno kwa wateja, kwa mdomo, sokoni na makanisani: kila mwenye maneno yake kwangu aje ayachukue. Na walipokuja niliwaambia wazi. Nilisema fundi alikuwa ananakili, kwamba vilivyokwenda vimekwenda na siwezi kuvirudisha, lakini kuanzia leo hakuna atakayegusa mashine hizi isipokuwa mimi, mbele yao. Dinesh aliniuliza kama ni busara kusema. Nikamwambia wewe ungesema. Hakuuliza tena.

Wengine walikasirika, hawajarudi, na wana haki. Lakini walio wengi walikaa. Mchungaji mmoja alivuta kiti akaniambia nifute hati yake akiwa anaangalia, nikafuta, akasema, "Tena." Nikamwonyesha kwamba haipo. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akaomba nimchapie mahubiri.

Bwana Tai alikuja wakati wake wa kuja. Tai nyekundu safari hii. Alifika na habari mpya: mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitachanganyikiwa na kufa, hati zote zitapotea, na kampuni yake imeleta programu mpya ambayo lazima tuinunue. Akavuta kiti changu. Sikuinuka.

"Mama, nipe nafasi nikufungulie."

"Imeshafunguka."

Akainama akatazama kioo. "Hii ni nini?"

"Ni yetu."

Akaniambia vitu vya bure havina mwenyewe, siku vikiharibika sitapata wa kumlilia. Nikamwambia vyake vilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anachukua maneno ya watu usiku na mchana. Nikamuuliza mbele ya wateja maelezo ya mjane wa Keroka yalifikaje kwa shemeji yake. Hakukana, Hansa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Alinyoosha tai yake akasema, "Kilichoko kwenye diski za kampuni ni mali ya kampuni."

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri barua ya pensheni akamuuliza polepole, "Hata barua yangu?"

Bwana Tai akanigeukia. Akaniambia mimi, "Zikiharibika msinitafute."

"Zikiharibika," nikasema, "nitasoma kwa nini."

Akatoka. Na hakuna aliyepiga makofi wala nini, ilikuwa asubuhi ya kawaida. Yule mzee akasogeza kiti chake mbele, akasema, "Haya, tuendelee na barua yangu." Lakini habari ilikuwa imeshafika sokoni kabla sijamaliza kuichapa.

Sikungoja Mama Bosibori aisikie huko. Nilikwenda kwake. Alikuwa anachuma chai, kikapu mgongoni, hakusimama. Nikatembea naye mstari kwa mstari, nikamsomea karatasi zote mbili, nikamwonyesha lile neno miwati. Alipofika mwisho wa mstari akatua kikapu.

"Kwa hiyo lilitoka kwenye mashine."

"Lilitoka kwenye mashine, mama, na mashine ilikuwa ofisini kwangu. Sasa nimeibadilisha."

"Nilijua ni wewe kwa sababu sikumwambia mwingine," alisema. Halafu akaongeza, "Na uliacha kazi ukaja mpaka huku."

Jumatatu alikuja. Kesi ilikuwa imebakiza siku chache, na alikuwa na mambo ya kuongeza. Nikamwambia achague neno la siri, lolote, alibonyeze mwenyewe, mimi nitaangalia dirishani. Alitafuta herufi moja moja, kwa muda mrefu, akipumua kwa nguvu. Alipomaliza nikamwambia ukweli ambao Bwana Tai hakuwahi kutuambia sisi: neno lako linamzuia kila mtu, lakini halinizuii mimi ninayetunza mashine. Nikitaka naweza kuingia. Kwa hiyo tutaandika kwenye diski hii yako, na tukimaliza utaondoka nayo, humu ndani hakitabaki kitu. Alinitazama. Nadhani ni pale aliponiamini, nilipomwambia asiniamini mno.

Barazani shemeji yake alikuja na jibu lake la miwati, lile lile. Mama Bosibori akasimama na karatasi mpya. Wazee wakasema watakwenda kuona wenyewe, wakaenda, wakatembea mpaka mwisho wa shamba, na mikaratusi ilikuwa pale, imepangwa kwa mstari, minene kiasi kwamba lazima ilipandwa mumewe angali hai. Ua umerudishwa. Majani chai ni yake. Sabato iliyofuata alipita katikati ya kanisa, mrefu vile, akaja akakaa kwenye benchi langu, upande wa kulia. Benchi lilijaa hadi kushoto kabla ya wimbo wa kwanza kwisha.

Nini kingine kimebadilika? Mashine zote mbili sasa zinatumia ile ya Kirit. Kwa kuwa maandishi yake yako wazi, nimeanza kuyachezea. Ukiiwasha asubuhi haikusalimii kwa Kiingereza tena, inasema Bwakire, kwa Ekegusii. Watu wakiona wanaitikia, wazee kabisa, wanaiitikia mashine! Sekretari wa shule moja ya Nyamache alikuja akaniuliza kwa kunong'ona kama anaweza kunakili CD. Nikamwambia aongee kwa sauti, hii kunakili si wizi, hii ilitengenezwa inakiliwe. Alirudi kunionyesha ratiba ya mitihani aliyoichapa mwenyewe. Printa yake ilikuwa imechapa ngazi. Nikamwandikia alichonifundisha yule nisiyemjua, na mwishoni nikaongeza kitu changu nilichogundua mwenyewe.

Na kuhusu mwaka elfu mbili, nimesoma, nimejaribu: niliisogeza saa ya mashine mbele mpaka Januari, nikakaa nikaingoja ife. Ilinisalimia.

Mama mkwe wako anakuja Nyamira siku hizi na Dinesh akileta mabati. Anakaa pale ulipokuwa unakaa wewe, anatazama watu wakiingia na kutoka. Juzi aliniambia kwa Kiswahili chake, "Sikujua ilikuwa kazi kubwa hivi." Nilimpa chai. Nilidhani utapenda kusikia.

Najua sasa utaniuliza. Nakuona kabisa, umeinamia upande, sauti ya chini: Mama Bosibori aliongeza nini kwenye ile karatasi ya pili, mpaka wazee wakaondoka kwenye viti vyao?

Sikuambii.

Umekuwa rafiki yangu tangu tukiwa na sare za shule, umeniachia chumba hiki na kila ninachokijua, na hakuna mtu mfu wala hai ninayempenda kuliko wewe nje ya nyumba yangu, lakini sikuambii. Aliondoka nayo. Na nakuahidi, Hansa, maadamu mimi ndiye ninayefungua mlango huu asubuhi, kila atakayekaa kwenye kile kiti ataondoka na maneno yake yote, hata awe nani anayeuliza.

Kwaheri, Kerubo. Kuna mtu mlangoni, naenda kumsikiliza.

Moraa